Mashine ya Chuo Imegoma: Soma Dalili Kabla ya Kumwita Fundi

Simu ya kwanza asubuhi, karibu kila siku, huanza na neno lilelile: "Imekufa." Mhadhiri ana kipindi saa mbili, mafaili yote yako ndani, na mashine imekufa. Nikiuliza imekufaje, naambiwa basi tu, haifanyi kazi. Nikimwomba anisomee maandishi yaliyo kwenye skrini, neno kwa neno, mara nyingi ugonjwa unajitaja wenyewe.

Kompyuta mpakato ya chuo si sawa na ile uliyonunua kwa hela yako. Imesajiliwa kwenye mfumo unaoisimamia kwa mbali, diski yake imesimbwa (imefungwa kwa msimbo, haisomeki bila ufunguo), na wewe umepewa ruhusa za mtumiaji wa kawaida, si za msimamizi. Kwa hiyo mengi yanayoonekana kama ubovu ni mashine inatii ilichoagizwa. Hapa nazungumzia mashine za Windows 11 zenye OneDrive (hifadhi ya mafaili mtandaoni), BitLocker (inayosimba diski) na Microsoft Defender (kinga ya virusi), maana ndizo ninazozishika kila siku katika kitengo cha TEHAMA.

"Faili la jana silioni"

Hili ndilo lililonitia mvi.

Kabla ya kutafuta popote, fungua kivinjari, ingia OneDrive ya chuo kwenye tovuti, utafute faili huko kwa jina. Jibu utakalopata linakuonyesha njia. Likionekana kwenye tovuti, kazi yako iko salama na tatizo ni la mashine. Lisipoonekana, huenda nakala pekee iliyopo iko ndani ya diski hiyo uliyoishika mkononi, na hapo usiguse kitu: usitoke kwenye akaunti, usiifute OneDrive ili uiweke upya, na usimpe kijana yeyote mashine "aipige Windows", yaani aisakinishe upya. Nimeona shahada ya uzamili ikiyeyuka kwa kupigwa Windows.

Muhula uliopita aliingia ofisini mama mmoja anayefundisha mwaka wa kwanza, mkoba begani, mashine kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Alama za darasa zima zimerudi nyuma. Nimefungua kwenye kompyuta ya ukumbini, naona za wiki tatu zilizopita."

Nikaiwasha mashine yake, nikapeleka kishale kwenye kiwingu kidogo kilicho pembeni mwa saa, chini kulia. Juu yake palikuwa na vijistari viwili vilivyosimama, alama ya kusitisha. Wiki tatu hizo alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa intaneti ya simu. Ili Windows isimmalizie bando, aliutia mtandao huo alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo. Windows ikatii, na OneDrive nayo ikatii: ikiona mtandao wa kipimo, hujisimamisha yenyewe. Alama zote alizojaza zilikuwa kwenye diski yake, hazikupanda hata moja. Tulimwunganisha na Wi-Fi ya ofisi, tukabonyeza kuendelea, mishale ya bluu ikazunguka, na kabla chai haijapoa alama zilikuwa zimepanda.

Basi ukiona faili la zamani mahali pa jipya, angalia hicho kiwingu kwanza. Husimama kwa sababu ya mtandao wa kipimo, na husimama pia mashine ikiwa katika hali ya kubana betri, jambo la kawaida umeme ukikatika. Ukiwa na bando dogo, si lazima uruhusu kila kitu. Ruhusu usawazishaji (mafaili ya diski na ya OneDrive kulinganishwa) kwa dakika chache mwisho wa siku, kazi ipande, kisha usimamishe tena.

Chanzo cha pili ni cha safari. Faili linaonekana kabisa kwenye folda, jina lake lipo, ukilibonyeza linakataa kufunguka. Tazama alama iliyo kando ya jina. Kiwingu cha bluu maana yake faili liko wingu­ni tu, yaani kwenye hifadhi ya OneDrive mtandaoni; kwenye diski kuna jina lake pekee. Duara lenye tiki ya kijani na katikati peupe ni faili lililoshushwa, ila Windows inaweza kulirudisha wingu­ni nafasi ikibana. Duara lililojaa kijani, tiki nyeupe, ndilo la kudumu kwenye mashine. Kabla ya kupanda basi la kwenda kukusanya data kijijini, bonyeza kulia juu ya folda nzima, chagua "Always keep on this device", subiri kijani kijae. Fanya hivyo ukiwa chuoni, si stendi.

Chanzo cha tatu hakina huruma. Umetumiwa rasimu kwa barua pepe, ukaifungua palepale ndani ya Outlook, programu ya barua pepe, ukahariri saa tatu, ukahifadhi, ukafunga. Asubuhi haipo. Ulichokuwa unahariri ni nakala ya muda iliyofichwa kwenye folda ambayo Outlook huitumia kuwekea viambatisho, na folda hiyo husafishwa. Fungua Word, angalia orodha ya mafaili ya karibuni. Ukibahatika jina litakuwepo na njia yake ndefu ya ajabu itaonekana chini. Lifungue haraka, ulihifadhi mahali pengine. Ukilikosa, jaribu sehemu ya Word ya kurejesha hati ambazo hazikuhifadhiwa. Kisha uzoee kushusha kiambatisho kwanza, kukiweka kwenye folda, ndipo ukifungue. Kule juu kushoto kuna swichi ya kujihifadhi; ikiwa imezimika, mara nyingi hiyo ni dalili kwamba faili haliko wingu­ni.

Mengine nayapita upesi. Ukiona viwingu viwili pembeni mwa saa, cha bluu ni cha kazi na cha kijivu au cheupe ni cha kwako binafsi. Watu wengi huhifadhi kazi ya chuo kwenye cha kijivu bila kujua. Ukiona msalaba mwekundu kwenye faili moja tu, soma jina lake: OneDrive haikubali alama kama nukta mbili, kiulizo, nyota au mkwaju ndani ya jina, na haipendi njia inayozidi herufi 400, yaani folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na kichwa kizima cha tasnifu. Hilo la alama zisizokubalika huwapata zaidi wanaohamisha mafaili kutoka Mac. Na ukiona faili lenye jina la mashine limebandikwa mwishoni, watu wawili walihariri kwa wakati mmoja na OneDrive imeshindwa kuamua nani mkubwa. Usifute lolote kabla ya kuyalinganisha.

Mwenzako akifuta faili kwenye folda mnayoshirikiana, kwako pia linatoweka. Kwa akaunti za kazi na shule, pipa la taka la OneDrive hushikilia vitu kwa siku 93. Baada ya hapo hata mimi sina dawa. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu: usawazishaji si chelezo, yaani si nakala ya akiba. Kosa lako nalo linasawazishwa. Data ya utafiti ambayo huwezi kuikusanya mara ya pili inahitaji nakala nyingine mahali pengine. Na nakala hizo nazo zina hatari zake: Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takribani terabaiti 77 za mafaili ya watafiti kwa sababu programu ya kutunza chelezo ilisasishwa vibaya ikafuta yaliyopaswa kutunzwa. Pale palikuwa na wataalamu na kompyuta kubwa. Mimi na wewe tuna diski moja ya nje iliyowahi kudondoka.

Skrini ya bluu inadai tarakimu 48

Umewasha mashine, badala ya sura yako unakuta ukurasa wa bluu ulioandikwa BitLocker, unadai ufunguo wa urejeshaji. Hujafanya kosa lolote na hakuna aliyekuvamia. Diski imesimbwa, na kijisanduku cha usalama kilichopo kwenye ubao mkuu wa mashine kimeona kitu kimebadilika, kikakataa kutoa ufunguo mpaka kihakikishiwe.

Kitu gani kimebadilika? Mara nyingi ni flashi au diski ya nje uliyoiacha imechomekwa wakati unawasha. Chomoa kila kitu, zima, washa tena; wakati mwingine linaishia hapo. Chanzo kingine ni sasisho la programu ya msingi ya mashine (BIOS), au mtu aliyeingia kwenye mipangilio yake akabadilisha mpangilio wa kuwaka. Cha tatu ni fundi: umeipeleka kubadilishwa ubao mkuu, kijisanduku cha zamani kimeondoka na ubao wake.

Ukurasa huo una namba ya utambulisho wa ufunguo. Sisi tunahitaji herufi 8 za kwanza za utambulisho huo, pamoja na jina la mashine lililobandikwa chini. Kwa hizo tunatafuta ufunguo wenyewe kwenye akaunti ya chuo: tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Vyuo vingine humruhusu mtumiaji auone mwenyewe kupitia ukurasa wa akaunti yake, kwa simu. Andika polepole, ukikosea kundi moja mashine inakuambia palepale.

Asipite mtu akakudanganya kwamba anajua njia ya mkato. Bila ufunguo huo hakuna fundi, wa Kariakoo wala wa River Road, atakayeyatoa mafaili yako. Anaweza kupiga Windows upya na ukaona mashine inawaka vizuri, ila diski itakuwa tupu. Na ikiwa ni mtu asiyejulikana anayekupigia simu kuuliza huo ufunguo, mkatie.

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Kuzifufua kulihitaji kuwasha mashine moja moja katika hali salama, na zile zilizosimbwa zikaanza kudai tarakimu 48. Palipokuwa na utaratibu mzuri wa kutunza funguo, watu walinukuu namba wakaendelea. Palipokuwa na funguo zilizohifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imeanguka, walikaa usiku. Tangu siku hiyo sisi tuna orodha ya pili, nje ya mfumo.

Ikiwa inadai ufunguo kila unapowasha, si mara moja tu, ilete. Kuna ulinzi unaotakiwa kusimamishwa na kuwashwa upya ili kijisanduku kiizoee hali mpya, na hilo linahitaji ruhusa ambazo huna.

Nywila ni sahihi, inakataliwa

Umebadilisha nywila jana usiku kwenye tovuti, ukiwa nyumbani. Asubuhi mashine inaikataa. Jaribu ile ya zamani. Mashine iliyounganishwa na kikoa cha chuo (mfumo wa pamoja wa akaunti) hukumbuka nywila ya mwisho iliyothibitishwa ikiwa ndani ya mtandao wa chuo, na mpaka ikutane tena na seva haina habari kwamba umebadilisha. Ingia kwa ile ya zamani, washa VPN (njia ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa mbali), funga skrini, fungua kwa mpya.

Akaunti inajifunga yenyewe kila baada ya nusu saa hata baada ya kufunguliwa? Mkosaji yumo mfukoni mwako. Simu bado imeshikilia nywila ya zamani ya Wi-Fi, inaijaribu kila ukipita karibu na jengo, na mfumo unahesabu majaribio hayo kama ya mwizi. Iambie simu iusahau mtandao huo, uingie upya.

Na hili la eduroam, mtandao wa Wi-Fi unaoshirikiwa na vyuo vingi, hunichekesha. Mtu anatumia vizuri chuoni kwake miaka miwili, akienda warsha Nairobi au Kampala unagoma. Tatizo ni jina la mtumiaji. Nyumbani aliandika jina fupi na seva ya kwao ikamtambua. Ugenini seva ya mwenyeji inahitaji sehemu ile iliyo baada ya alama ya @ ili ijue swali ilipeleke chuo gani. Andika anwani nzima kabla hujasafiri, ulijaribu ukiwa kwenu.

Kama kinachokataliwa ni namba za uthibitisho kwenye simu, angalia saa ya simu. Namba hizo hubadilika kila sekunde 30 na zinakokotolewa kutokana na saa. Saa iliyopotoka dakika kadhaa hutoa namba zilizokwisha kufa.

Programu haikubali kusakinishwa

Dirisha linajitokeza, linataka jina na nywila ya msimamizi. Hiyo si hitilafu. Angalia kwanza kwenye duka la programu la chuo lililomo ndani ya mashine. Mengi mnayoyaomba yamo tayari na husakinishwa bila kutuuliza. Kisipokuwemo, tuma ombi, taja jina, toleo na kazi unayotaka kuifanya. "Naomba unifungulie ruhusa zote ili nisikusumbue" ni ombi ninalolipata kila wiki, na jibu langu ni lilelile. Programu mbaya ikiingia inapata ruhusa ulizonazo wewe. Ukiwa mtumiaji wa kawaida inaharibu kwako. Ukiwa msimamizi inachukua mashine nzima.

Dalili ya pili: programu ilisakinishwa, ikafanya kazi siku moja, faili lake kuu likatoweka. Defender imelichukua. Mara nyingi ni programu ya takwimu iliyovunjwa leseni, imetoka kwenye flashi ya rafiki, na maelekezo yake yanaanza na "zima kwanza antivirusi". Hebu tafakari sentensi hiyo. Mgeni anakuja kwako usiku, sharti lake la kwanza ni mbwa afungwe. Kwa takwimu za kawaida za tasnifu kuna R na jamovi, kuna PSPP inayofanana sana kwa sura na SPSS, ile programu ya takwimu ya kulipia, na zote ni bure kihalali. Kwa ramani kuna QGIS, kwa marejeo kuna Zotero. Tunazisakinisha tukiombwa.

Folda kwenye flashi zimegeuka njia za mkato

Ulikwenda kuchapa kwenye duka la steshenari lililo mkabala na geti, umerudi, kila folda ina kishale kidogo kwenye kona na ukubwa wake ni kilobaiti moja mbili. Kirusi kimezificha folda zako za kweli na kuweka vibandiko vyenye majina yaleyale. Usibonyeze hata kimoja. Kukibonyeza ndiko kunakokiwasha. Mafaili yako yamo bado, utaona nafasi ya flashi imejaa vilevile. Ilete. Tunaipitisha Defender kwanza, kisha amri ya attrib inayaondolea mafaili alama za kufichwa, na dakika tano zinatosha.

Kama mashine ya chuo haiisomi flashi kabisa, huenda flashi zimezuiwa kwa sera, au inaisoma ila haikuruhusu kuandika mpaka flashi isimbwe. Inaudhi, najua. Lakini flashi ikidondoka kwenye daladala ikiwa na majina na majibu ya wagonjwa uliowahoji, si kero ya chuo tena. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania imetunga yake 2022. Kwa kuchapa tu, jitumie PDF kwa barua pepe na uache mafaili ya asili nyumbani.

Nzito, na kila siku inataka kusasishwa

Bonyeza Restart, si Shut down. Ukizima kwa kawaida, Windows huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho, na uchafu wa wiki mbili unabaki nao. Nimefungua mashine za watu wanaoapa wanazima kila jioni, nikakuta inajihesabu siku arobaini bila kupumzika.

Halafu rudi kwenye ule mtandao wa kipimo. Mashine inayoishi kwenye bando la simu hukosa masasisho mengi, ikija ofisini mara moja kwa mwezi inayashusha yote kwa mkupuo ukiwa kwenye kikao. Iache ofisini usiku mmoja, imechomekwa umeme. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya idara ambayo bado inayo, tuambie, usisubiri igome.

Nimebonyeza kiungo, nahisi nimekosea

Zima Wi-Fi. Chomoa waya wa mtandao. Usizime mashine, usifute ile barua pepe, na usikae na siri. Tumia simu yako, au kompyuta nyingine, kubadilisha nywila, halafu piga.

Najua aibu ndiyo inayowachelewesha. Tarehe 15 na 16 Oktoba 2019 watumishi wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walifungua viungo vya barua pepe za ulaghai. Hakuna kilichoonekana. Mashine ziliendelea kufanya kazi, watu wakafundisha, wakasahihisha. Wavamizi walikuwa ndani wakitembea kutoka seva hadi seva, wakipitia zile ambazo hazikusasishwa, mpaka tarehe 23 Desemba walipozifunga seva 267 kwa mpigo. Chuo kililipa bitcoin 30 ili kipate ufunguo. Kati ya siku ile ya kubonyeza na siku ya kufungwa kulikuwa na zaidi ya miezi miwili.

Kwa hiyo ukinipigia dakika ya tano baada ya kubonyeza, sitakuuliza kwa nini. Nitakuuliza saa ngapi, anwani ya aliyetuma, na kama uliandika nywila yako popote. Kisha nitakuomba uisogeze mashine pembeni, ikiwa imewashwa, mpaka nifike.